Siku Shangazi Alipojikana

Mkasa huu ulianza na kosa la shangazi yangu, na kosa lenyewe si geni, analifanya tangu nimemjua. Akimwona mtu mweusi hapa Ibra humsemesha Kiswahili. Haulizi kwanza. Amemsemesha daktari wa Kisudani mpaka yule bwana akaita mtu wa kumtafsiria, amemsemesha msichana wa Kihabeshi wa jirani zetu, amemsemesha hata mama mmoja wa Sur ambaye ukoo wake mzima haujapata kuiona Unguja. Wakimjibu Kiarabu husema wanajidai. Kwake yeye mtu mweusi aliyeko Omani lazima katoka kwetu, na kama hasemi Kiswahili basi hakulelewa.

Jumatano ni siku ya soko la wanawake Ibra, soko ambalo mwanamume hakanyagi. Shangazi alikuwa na meza yake pale, akiuza achari ya ndimu, bizari, na udi anaoupika mwenyewe nyuma ya nyumba. Alikuwa na miaka sabini na ushei na mdomo wa watu watatu. Jumatano moja nilikuwa likizo, nimekwenda kumsaidia kubeba chupa zake, na akatokea mwanamke mmoja mweusi wa umri wangu, nywele kazifunga kitambaa, anazitazama achari. Shangazi akamwuliza, wa nani wewe? Yule dada akatabasamu tu. Shangazi akarudia kwa sauti ya kugombeza, wa nani wewe mwanangu, mbona unanitazama hivyo? Yule dada akajibu kwa Kiarabu cha darasani kwamba ametoka Meksiko.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Shangazi hakucheka. Aliniambia mbele ya mwenyewe kwamba mtoto huyu anaongopa, Meksiko hakuna watu weusi, yeye ametazama tamthilia za Kimeksiko zilizotiwa Kiarabu miaka nenda miaka rudi na hajamwona mweusi hata wa kufagia uwanja. Nikamtafsiria yule dada kwa Kiingereza, uso wangu umeniiva kwa haya. Nilidhani atakasirika. Akasema hata kwao Meksiko watu humwambia hivyohivyo.

Ikawa anafundisha Kiingereza katika chuo kidogo cha binafsi Nizwa, na mimi ofisi yangu iko Nizwa, napanga huko siku za kazi na kurudi Ibra Alhamisi jioni. Basi tukaanza kufuatana garini. Shangazi ndiye aliyetoa amri. Alisema mtoto wa watu hawezi kukaa peke yake Ijumaa anakula mkate na jibini, na kama si wetu basi atafanywa wetu. Mama yangu, ambaye ni Mwarabu wa hukuhuku na Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi, hakupinga.

Garini ndiko nilikoyasikia mambo. Alinisimulia kwamba alipokuwa msichana wa chuo, ndani ya nchi yake mwenyewe, askari walilisimamisha basi, wakamteremsha yeye peke yake na kumtaka aimbe wimbo wa taifa. Hawakuamini kwamba mweusi anaweza kuwa Mmeksiko. Akasimama kando ya barabara, akaimba. Akakosea ubeti mmoja kwa woga, wakamwambia arudie. Mimi nilishtuka mpaka nikaipita njia ya kuchepuka, tukaenda kugeuzia mbali sana. Yeye aliyasimulia hayo huku anamenya karanga.

Ijumaa moja, baada ya sinia kuondolewa, shangazi akamtaka aeleze ukoo wake vizuri, kwa maana lile jibu la sokoni lilikuwa bado halijamkaa. Mimi nikawa natafsiri. Akasema kwao ni kijiji cha pwani, upande wa bahari ile nyingine kubwa, na wazee wa huko wote wana hadithi moja. Wanasema mababu zao walikuwa watu huru, walikuwa ndani ya meli, meli ikavunjika mwambani, wakaogelea mpaka ufukweni na kujenga. Hakuna aliyewanunua, hakuna aliyewauza. Wasomi nao wanasema meli hiyo imezuliwa kufunika aibu, watu wale waliletwa kwa minyororo kuchunga ng'ombe wa mabwana. Na huko mji mkuu wapo wanaosema mabishano yote haya ni upuuzi, Wameksiko wote ni mchanganyiko mmoja, kwa nini watu wajitenge?

Ugomvi uliingia nyumbani kwao siku walipokuja watu wa serikali na hesabu ya watu, na kwa mara ya kwanza wakauliza kama nyumba hii inajihesabu kuwa ya watu weusi. Yeye alikuwa mlangoni, akasema ndiyo, wote. Babu yake alikuwa ndani amelala kwenye machela ya kamba iliyotundikwa, akapiga kelele hapana, siye ni watu wa maji ya kunde, siye ni watu wa meli. Baadaye yule dada akaenda mjini akapima vinasaba kwa mate, akaambiwa asili yake kubwa ni Afrika ya magharibi, na kipande kidogo ni cha pwani ya Msumbiji. Alirudi mbio kumwambia babu. Babu hajasema naye tangu siku hiyo.

Kisha akasema, finjani la kahawa mkononi, kwa sauti ileile aliyotumia kusifu pilau, kwamba bibi zake walikuwa watumwa na yeye haoni haya kulisema.

Shangazi aliliweka chini chungwa alilokuwa anamenya. Akaniambia niulize tena, huenda nimekosea kutafsiri. Nikauliza tena. Jibu likawa lilelile. Shangazi akasema kwamba mtu hajitukani mwenyewe, hasa pale ambapo hakuna aliyemwuliza habari hiyo.

Lazima mtu afahamu jinsi neno hilo lilivyokuwa kwetu. Halikuwa linatajwa. Watu wa Omani tuliotoka Afrika, na wengi tumetoka Unguja, wengine Tabora, Bujumbura, Kigoma, kila nyumba ina bibi mmoja mweusi huko nyuma, na kila bibi alikuwa binti wa mtemi. Sijapata kusikia nyumba ambayo bibi yake alikuwa binti wa mkulima. Bibi yetu sisi, mama wa baba yangu, alikuwa binti wa mtemi wa Unyamwezi aliyemwoza kwa babu yetu kwa urafiki. Baba alitusimulia hivyo tangu tuko wadogo, na mimi nilijivuna shuleni kwamba nina damu ya kifalme pande zote.

Jioni ile, tunaosha vyombo mimi na shangazi, akaanza kucheka peke yake. Nikamwuliza anacheka nini. Akasema, "Hao watemi nao, walikuwa na mabinti wangapi hata wakatosha nyumba zote za Waarabu?"

Sahani iliniponyoka ikaangukia majini. Nikamwuliza sasa bibi alikuwa nani. Akanijibu kwamba bibi alikuwa mama yake, mweusi kama yeye, na alikuwa akiimba vizuri, na hayo mengine yamezikwa naye Unguja. Yeye na baba ni baba mmoja mama mmoja, kazaliwa yeye kwanza, akafuata baba yangu, mama akafa, yeye akamlea. Walipotoka Unguja baada ya mapinduzi alikuwa msichana mdogo na baba yangu yuko mgongoni mwake. Tofauti ni kwamba baba alichukua rangi ya babu, maji ya kunde, na yeye akachukua rangi ya bibi. Mungu ndiye aliyegawa, akasema, nenda kamwulize.

Wakati huohuo mimi nilikuwa na langu. Palikuwa na kijana wa Nizwa, tukifanya kazi ofisi moja, mpole, mcheshi, anayejua kunyamaza. Alinipenda na mimi nilimpenda, sina sababu ya kuficha. Tulikuwa tunangoja kwao walete posa. Huku kwetu posa haiji hivihivi. Kwanza wanawake wa upande wa mume huja kunywa kahawa, wanasema wamekuja kusalimia, na kila mtu anajua wamekuja kutazama. Nyuma yao wanaume wanaulizia asili. Kijana wangu akaniambia wazi kwamba asili yetu ina maneno. Jina la kabila la baba linajulikana, lakini wapo wengi wanaobeba jina la kabila kwa kuwa babu zao walikuwa watumwa wa kabila hilo wakaachwa huru. Mtu wa Ibra amemfikishia mama yake habari kwamba baba yangu ana dada mweusi tititi anayeuza achari soko la wanawake. Na kama dada yuko vile, kaka ni nani?

Aliniambia hayo ndani ya gari lake, tumeegesha karibu na ngome, anakula sambusa. Nilitaka kumpokonya ile sambusa niitupe dirishani. Sikuitupa. Nikamwuliza na yeye mwenyewe anasemaje. Akasema yeye hana neno, ila hawezi kuoa bila radhi ya mama yake, na mama yake akikataa basi imekwisha. Mimi nilikuwa namjua, alikuwa anasema kweli. Ikawa hatima yangu imewekwa juu ya rangi ya shangazi yangu.

Nikamweleza mama. Mama, kwa hofu, akatoa shauri kwamba siku ya wageni shangazi apelekwe Sur kwa jamaa, na yule mwalimu wa Meksiko naye asije wiki hiyo. Nikamwambia mama kwamba mgeni wangu hafukuzwi. Kuhusu shangazi sikuwahi kujibu, maana shangazi alikuwa mlangoni amesikia yote. Akasema hakimbii nyumbani kwake. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Wakaja Ijumaa baada ya alasiri, mama yake kijana, dada yake, na shangazi yake. Mama yake alikuwa mtu wa heshima, ana harufu nzuri, sauti ya chini. Nasema hivyo kwa sababu nimejaribu sana kumchukia na sijafanikiwa. Kwa desturi mimi ndiye niliyepaswa kumimina kahawa, ila siku ya namna hiyo msichana anakalishwa atazamwe, basi shangazi akalishika dele. Mwalimu wangu wa Meksiko naye, alipoona mama anahangaika, akachukua sahani ya halua akaipitisha. Kwao mgeni akikaa tu bila kusaidia ni kukosa adabu. Mama yake kijana akachukua kipande cha halua bila kumtazama aliyemletea. Halafu akawatazama wote wawili, yule wa halua na yule wa dele, akamwinamia mama yangu na kumwuliza kwa upole, kwa Kiarabu, na hawa je, ni wenu tangu zamani?

Mtu wa huku anajua maana yake. Hakuwa anaulizia wafanyakazi wa mshahara.

Shangazi alikuwa ameinama anajaza finjani. Kiarabu chake cha siku zote ni cha kuvunjavunja, anakivunja makusudi. Siku hiyo kilitoka safi kama cha khatibu. Akasema, "Huyu ni mgeni, mwalimu, hana uhusiano na sisi. Mimi ndiye wao. Mama yangu alizaliwa na watumwa wa nyumba ya babu zake bwana. Walinilea, wakaja nami. Mimi si dada yake, watu wa soko ndio wanaoniita hivyo, na yeye kwa wema wake hawakatazi."

Mama yake kijana akawa anacheka. Mabega yake yameshuka, ameegemea mto, amenyoosha finjani lake pembeni bila kugeuza kichwa ili shangazi aongeze. Akasifu kahawa. Akaniuliza kuhusu kazi yangu, kuhusu kusoma kwangu, akanishika mkono akasema nina vidole vya hina. Mambo yote yalikuwa yamenyooka kwa maneno machache ya mwanamke mmoja mwenye dele. Hilo ndilo lililonitisha. Lilipita kirahisi mno, hakuna aliyeomba ushahidi, hakuna hata aliyeshangaa.

Walipoondoka nilimkuta mwalimu wangu nyuma ya nyumba, uso umesawijika. Kiarabu chake kilitosha kufahamu. Aliniuliza kama ni kweli, nikamwambia si kweli hata kidogo. Akasema kijijini kwao watu wazima wanagombana na wajukuu zao ili wasisemwe wametoka utumwani, na huyu ameingia mwenyewe kwa miguu yake. Nikaenda jikoni. Shangazi alikuwa anasuuza mafinjani, hana wasiwasi. Nilimwuliza amefanya nini, nikasema kwa sauti kubwa, nilikuwa nimekasirika. Akasema neno halichubui ngozi. Akasema, "Si yule mwenzio alisema na hakufa?"

Baba hakuwepo siku hiyo, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Yeye alijua wiki iliyofuata, alipokwenda Nizwa kukaa na wanaume wenzake wamalize mazungumzo ya mahari. Baba wa kijana akamwambia, mbele ya ndugu zake wote, kwamba habari ya yule mama mzee wameielewa, na Mungu amlipe baba kwa kumtunza mpaka leo, watu wengi walishawaacha wazee wa namna hiyo njiani. Baba hakujua wanasema nini. Kisha akajua. Akanyamaza, na wao wakachukua ukimya wake kuwa ni unyenyekevu.

Alirudi jua bado kali. Alisimama uani, kilemba mkononi, akaita, "Dada."

Kutoka jikoni shangazi akaitika, "Labeka, bwana."

Asiyelelewa Kiunguja hatajua jinsi jambo hilo lilivyotupiga. Labeka ni jibu la mdogo kwa mkubwa. Maisha yake yote, tangu mtoto, baba ndiye aliyeitwa na dada yake akaja mbio, akamwamkia shikamoo kila asubuhi, mzee mzima mwenye ndevu nyeupe, na neno bwana halikuwahi kuwamo katika nyumba ile. Baba alikaa palepale kwenye kizingiti. Nilimsikia anamwomba asirudie. Shangazi akatoka anafuta mikono, akamwambia asilie mbele ya watoto, na kwamba uongo ukianzwa lazima ushikwe vizuri, watu wa Nizwa wana jamaa Ibra, wanaingia nyumba za watu bila kubisha. Akasema, "Nimekutoa Unguja mgongoni kwangu unanyonya kidole. Leo nishindwe kumwozesha binti yako?"

Mimi nilingoja baba ainuke. Nilikuwa na hakika ataingia garini, arudi Nizwa, awaambie wale mabwana kwamba yule ni dada yake. Baba alijifuta uso kwa kilemba. Akasema basi iwe mpaka ndoa ifungwe, ikishafungwa atawaambia mwenyewe, hawawezi tena kitu. Uongo wa shangazi ulikuwa umenishtua, lakini huu wa baba ulinishtua zaidi. Baba yangu hajapata kudanganya hata uzito wa tende. Nami nilinyamaza, kwa kuwa nilimtaka yule kijana na siku zilikuwa zimekaribia.

Shangazi akaushika uongo wake kama alivyosema. Sinia likitengwa yeye anakula jikoni, peke yake, kwenye kisahani. Akaacha kusema kaka yangu, akawa anasema mwenye nyumba. Akaniambia nisimwite shangazi mbele za watu. Nikamwuliza nimwite nani, akataja jina lake kavu, ambalo katika umri wangu wote sijawahi kulitia mdomoni. Nikakataa, nikawa simwiti kwa lolote. Mbaya zaidi, alianza kutembea tofauti. Yule mwanamke wa kutia watu adabu soko zima alikuwa anapita pembeni mwa ukuta.

Garini nilimsimulia mwalimu wangu haya yote. Tulipokaribia Nizwa akasema kwao wanakutana vijana, wanabishana kutwa wajiite nani, weusi, Waafrika wa Meksiko, au waachane na majina kabisa, na kila mkutano wanawacheka wazee na meli yao. Yeye mwenyewe amemcheka babu yake hadharani. Sasa kwa mara ya kwanza anajiuliza ile meli ilizuliwa ili ifanye kazi gani. Labda, akasema, huko nyuma alikuwepo mtu aliyekuwa na binti wa kuozesha.

Ikafika siku ya kuletwa vitu vya bibi harusi, nguo, manukato, dhahabu, vimepangwa kwenye makasha ya kioo. Majilisi yetu ilijaa wanawake, wa kwao na wa kwetu. Shangazi hakukaa. Alizunguka na dele mchana kutwa, anaingia na kutoka, na mimi nimevalishwa kijani nimekalishwa juu ya mito nimwangalie. Msichana mmoja wa upande wao alimpa viatu akaviweke mahali pazuri. Akaviweka. Mwingine akamtaka amsafishie mtoto. Akamsafisha.

Mama yake kijana alikuwa amemletea shangazi zawadi. Alimwita, akampa kitambaa kizuri cha gauni, cha hariri, akamwambia kwamba amemwona jinsi anavyofanya kazi na anavyonipenda. Kisha akamgeukia mama yangu. Akasema nyumba waliyotujengea ina chumba kidogo nyuma ya jiko, kina hewa, na kina choo chake. Zamani bibi harusi wa watu wenye asili hakwenda kwa mumewe peke yake, alikwenda na mtu wa kwao. "Atakuja naye, sivyo?"

Mama yangu alikuwa ameinamisha kichwa, anatabasamu na zulia.

"Inshallah, bibi yangu," akasema shangazi. Akanitupia jicho, na nikaona amefurahi. Wallahi alikuwa amefurahi. Alikuwa ameshapiga hesabu zake, atakaa na mimi, atanilelea wanangu kama alivyotulea sisi, na kwake hicho chumba cha nyuma ya jiko kilikuwa sawa tu. Walikuwa wananipa shangazi yangu pamoja na dhahabu.

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka dele liko mkononi mwangu, la moto, na yeye analing'ang'ania. Nikalivuta, nikaliweka chini, nikamshika mabega nikambusu utosini, hivyo tunavyowabusu wakubwa zetu mbele za watu. Nikasema kwa Kiarabu, wote wasikie, "Huyu ni shangazi yangu. Yeye na baba yangu ni tumbo moja na mgongo mmoja. Damu yake ndiyo yangu."

Hakuna aliyepiga kelele. Mama yake kijana akamtazama mama yangu, akamngoja akanushe. Mama hakukanusha. Yule mama akainuka, akaagana na mama yangu kwa kumbusu mashavu yote mawili, akaniombea heri, na wenziwe wakaanza kufunga makasha. Walifunga kwa utaratibu, hawakusahau kitu.

Kijana alinipigia simu kabla magari yao hayajafika hata Sinaw. Hakunitukana. Aliniuliza kwa nini nisingesubiri, ilikuwa imebaki wiki moja tu. Alikuwa analia. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, nikakata.

Nikaenda jikoni kumtafuta shangazi. Nasema kweli nilijiona shujaa, nilidhani atanifungulia mikono anikumbatie. Alikuwa amesimama mbele ya jiko, kile kitambaa cha hariri kiko juu ya meza, hakukigusa. Nikamwita shangazi. Hakugeuka.

"Nilijitoa kwenye damu ya baba yangu," akasema. "Nikala jikoni. Mdogo wangu niliyembeba nikamwita bwana. Nilifanya hivyo upate mume."

Nikamwambia mume wa namna hiyo simtaki.

Ndipo akageuka akanitazama. Sijapata kutazamwa hivyo na mtu yeyote.

"Sasa mume huna," akasema. "Basi nimekuwa mtumwa bure."